Kozi ya video ya ulinzi dhidi ya mfumo wa kutawanya: tathmini baada ya msimu mmoja

Kozi ninayoitathmini inauzwa mtandaoni kwa makocha wa futiboli ya Kimarekani. Ina masomo 26 ya video, jumla yake saa 19 hivi, na ada yake ni dola 140 kwa mwaka. Mada yake ni moja tu, nayo ni namna ulinzi wa timu za vyuo vikuu vya Marekani ulivyobadilika ili kuukabili mfumo wa kushambulia kwa kutawanya wachezaji. Nimeitumia tangu Februari hadi msimu ulipokwisha mwezi Novemba, nikiwa msaidizi wa kujitolea anayewafundisha walinzi wa nyuma katika shule moja ya sekondari hapa Iowa, kwenye timu anayoichezea mwanangu wa kwanza. Kampuni yenyewe siitaji kwa jina, kwa kuwa kuna suala la malipo kati yetu ambalo halijamalizika, na nitaligusa mbele kwa ufupi.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka kama mimi, naomba kwanza nieleze tatizo lenyewe. Timu inayoshambulia kwa kutawanya haiwakusanyi watu wake katikati ili kusukumana. Huwapanga wapokeaji wa pasi wanne, wakati mwingine watano, katika upana wote wa uwanja, kutoka mstari wa pembeni huku hadi ule wa kule, na kwotabeki, yaani mchezaji anayeuanzisha mchezo kwa kuurusha mpira au kumpa mwenzake, husimama yadi kadhaa nyuma ya safu yake akiwa na nafasi ya kuona kila kitu. Walinzi hulazimika kutawanyika pia, na wakitawanyika katikati hubaki pembamba. Wakirudi kati kuzuia mbio, yaani mtu anayekimbia na mpira mkononi, pasi hupita pembeni. Wakienda pembeni kuzuia pasi, mkimbiaji hupenya kati. Tangu mwanzoni mwa karne hii makocha wa ulinzi wamekuwa wakitafuta njia ya kutoka katika mtego huo, na kozi hii inaifuata safari yao hatua kwa hatua.

Somo la kwanza linahusu chokaa iliyochorwa uwanjani, na nilipolitazama mara ya kwanza nilidhani ni la kujaza muda. Sasa naliona kuwa msingi wa yote yanayofuata. Kila jaribio, yaani kila kipande cha mchezo tangu mpira utoke hadi usimame, huanzia kwenye mojawapo ya mistari miwili ya vialama inayokwenda na urefu wa uwanja, au baina yake. Katika ligi ya kulipwa, NFL, mistari hiyo imeachana kwa futi 18 na inchi 6 tu, kwa hiyo mpira huanzia karibu na katikati daima. Katika vyuo vikuu imeachana kwa futi 40. Mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, upande mfupi huwa na futi 60, na upande mpana huwa na futi 100, ambazo ni mita 30 na ushei za uwanja mtupu wa kulindwa. Mwalimu anaeleza kwa utulivu kwamba upana huo ni sababu mojawapo kubwa iliyoufanya mfumo wa kutawanya kushamiri vyuoni kabla ya kukubalika kwa wataalamu wa kulipwa, na anaonyesha jinsi kocha wa ulinzi anavyowachagua walinzi wake kwa kufuata upande: mwenye mbio apelekwe upande mpana, mwenye nguvu za kukaba, yaani kumwangusha mwenye mpira, apelekwe upande mfupi.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba katika shule za sekondari alama hizo zimeachana zaidi, yaani futi 53 na inchi 4, hivyo uwanja hugawanyika theluthi tatu sawa na upande mpana hufikia karibu futi 107. Niliijua kanuni hiyo kwa kusoma, lakini sikuielewa mpaka Juni, nilipokwenda uwanjani na tepu ya kupimia na mwanangu akanishikia ncha moja. Tulisimama pale kwenye alama tukatazama mstari wa pembeni ulivyo mbali, na hapo nikaelewa kwa nini mlinzi wetu wa pembeni alikuwa akichelewa kila mara msimu uliotangulia, ingawa nilikuwa nikimlaumu kwa uvivu. Nilimwomba radhi mazoezi yalipoanza. Kozi inayouzwa kwa makocha wa ngazi zote ingepaswa kuigusa tofauti hiyo kwa dakika mbili tu.

Historia imepewa masomo matatu, nayo ni mazuri, hasa kwa mkazi wa Iowa. Mwaka 1989 Hal Mumme alianza kuwa kocha mkuu wa chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, mjini Mount Pleasant, kusini mashariki mwa jimbo hili, na hapo yeye na msaidizi wake Mike Leach wakaanza kuujenga mtindo wa kurusha mpira mfululizo ambao baadaye ulienea nchi nzima. Leach aliiongoza timu ya chuo kikuu cha Texas Tech kwa mtindo huo kuanzia 2000 hadi 2009. Chuo cha Iowa Wesleyan kilifungwa mwaka 2023, na inaniuma kwamba mahali palipoanzia jambo kubwa namna hii hapana tena timu. Upande wa mbio, kozi inamrudia kocha Rich Rodriguez alipokuwa chuo cha Glenville State, jimbo la West Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha inaonyesha mechi ya tarehe 4 Novemba 2000, ambapo Northwestern iliifunga Michigan 54 kwa 51, na jinsi timu iliyozoea kushinda kwa nguvu ilivyoshindwa kujua nani amkabe nani.

Mechi iliyopewa muda mrefu zaidi, na kwa haki, ni ile ya tarehe 22 Oktoba 2016 kati ya Oklahoma na Texas Tech. Oklahoma ilishinda 66 kwa 59. Kila timu ilisonga mbele jumla ya yadi 854, na Patrick Mahomes wa Texas Tech, ambaye leo anajulikana duniani, alirusha mpira kwa yadi 734 peke yake na bado akaondoka ameshindwa. Watangazaji waliifurahia mechi ile kama sherehe. Mwalimu wa kozi anaitazama kwa jicho la walinzi: anasimamisha picha, anamchorea duara kijana mmoja aliyesimama peke yake katikati ya wapokeaji wawili, na anauliza kijana yule alikuwa na jibu gani lililo sahihi. Hakuwa nalo. Aliyempanga pale ndiye aliyemnyima, na ninaposema kozi hii ina heshima kwa wachezaji, namaanisha nyakati kama hiyo.

Kiini cha kozi kinaanza kwenye somo la tano, lenye hesabu. Zamani kwotabeki akishampa mkimbiaji mpira alibaki mtazamaji, kwa hiyo ulinzi ulikuwa na mtu wa ziada. Rodriguez alimrudisha kwotabeki katika hesabu kwa kumwacha makusudi mlinzi mmoja wa mwisho wa safu bila kuguswa. Kwotabeki humtazama huyo huyo. Akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki hubaki na mpira na kupita pale alipotoka. Akibaki mahali pake, mkimbiaji hupewa mpira na kwenda. Mlinzi asiyeguswa na mtu hushindwa kwa uamuzi wake mwenyewe. Jioni tuliyolitazama somo hilo, mke wangu alikuwa amechagua maharage na mahindi kwa ajili ya makande, na mwanangu akachota maharage 11 yawe walinzi na punje 11 za mahindi ziwe washambuliaji, akazipanga kwenye meza ya jikoni. Kila tulipomwongeza mtu ndani, pembeni palipungua, na kila tulipomtoa, katikati palikuwa wazi. Alipolisogeza harage la mwisho wa safu kumfuata mkimbiaji, na harage lililo nyuma yake likazunguka nje kumsubiri kwotabeki, alinitazama bila kusema neno, nami nikajua ameelewa jinsi walinzi wawili wanavyobadilishana kazi ili kumdanganya yule anayewasoma.

Mashambulizi nayo hayakulala. Yaliongeza chaguo la tatu, yaani pasi fupi inayorushwa mgongoni mwa yule mlinzi wa kati anayepanda kuzuia mbio, na hapo kanuni za vyuo zikayasaidia. Vyuoni wachezaji wa safu ya mbele ya mashambulizi wanaruhusiwa kuvuka mstari wa mpambano, yaani mstari ulipo mpira jaribio linapoanza, hadi yadi 3 kabla pasi haijatoka, ilhali NFL huruhusu yadi 1 tu. Mlinzi wa kati huwaona majitu yanamjia kama inavyokuwa kwenye mbio, hupanda, na mpira hupita juu ya bega lake. Somo hili ni gumu, na mwalimu anafanya vyema kulirudia mara mbili kwa picha za pembe tofauti.

Sasa nafika kwenye masomo ya 9 hadi 12, ambayo peke yake yanastahili ile ada. Yanahusu ulinzi wa walinzi watatu wa mwisho, yaani wale wanaosimama nyuma kabisa, ambao Jon Heacock, aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Iowa State chini ya Matt Campbell, aliusimamisha katika msimu wa 2017. Mechi nilizozitazama wakati ule kwenye televisheni bila kuelewa chochote sasa nimeziona upya. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo Iowa State ilikwenda Norman, nyumbani kwa Oklahoma, na kuifunga timu hiyo, iliyokuwa nafasi ya 3 nchini, 38 kwa 31, na kwotabeki wa Oklahoma alikuwa Baker Mayfield, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, msimu huo huo. Wiki tatu baadaye, hapa Ames, nyumbani kwake, iliifunga TCU, chuo kikuu cha Texas Christian, iliyokuwa nafasi ya 4, 14 kwa 7, na zile pointi 7 zilitokana na mpira wa kuanzishia uliorudishwa hadi mstari wa goli; mashambulizi ya TCU yenyewe hayakufunga kitu.

Mpangilio wenyewe ukiutazama kwa haraka unaonekana kama udhaifu. Mbele wanabaki watatu tu, nyuma yao watatu, na watano waliobaki wako nyuma zaidi, mmoja wao akisimama katikati ya uwanja yadi 10 au 12 kutoka kwenye mpira, mahali ambapo kwa desturi hasimami mtu. Kwotabeki akihesabu watu walio karibu na safu anapata sita, na mafunzo yake yote yanamwambia kwamba penye sita pakimbiwe. Mpira ukitoka, yule wa katikati hushuka. Hakuhesabiwa, kwa hiyo hakupangiwa mtu wa kumzuia, naye humfikia mkimbiaji kutoka pembe ambayo mkimbiaji hakuitazamia. Iwapo ni pasi, yule yule anarudi nyuma, na walinzi wanane wanakuwa kwenye njia za wapokeaji huku watatu tu wakimsumbua kwotabeki. Na kwa kuwa walinzi watatu wa mwisho wanasimama vile vile kila mara, kwotabeki hawezi kujua kabla ya mpira kutoka kama eneo la nyuma litagawanywa sehemu mbili, tatu au nne. Anajua baada ya mpira kutoka, na wakati huo ana sekunde mbili na nusu hivi.

Mwalimu analieleza jambo hili kwa upendo unaoonekana. Anamsimamisha yule mlinzi wa katikati kwenye skrini, anaonyesha miguu yake ilivyo sambamba, mabega yaliyoelekea mbele bila kuinama upande wowote, na anakaa kwenye picha hiyo moja kwa karibu dakika nne. Mimi nimetazama mpira wa aina mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona mtu akifundisha kutosogea kwa makini kiasi kile. Msimu mzima niliwaambia vijana wangu watatu wa nyuma neno moja tu kabla ya kila jaribio, “Tulieni”, na mwanangu alilitafsiri kwa wenzake wasiojua Kiswahili. Wengi wao sasa wanalijua.

Kozi pia ni ya haki kuhusu gharama ya ulinzi huo. Ukimsumbua kwotabeki kwa watu watatu tu, unakubali apate pasi fupi, yadi 5 hapa na 6 pale, kwa matumaini kwamba katika majaribio kumi na mawili ya mfululizo atakosea mara moja. Timu isiyo na subira hukosea. Timu yenye safu ya mbele nzito na mkimbiaji mzuri hukula polepole hadi mwisho wa uwanja, na tuliliona hilo kwa macho yetu mwezi Septemba, tulipokutana na timu iliyokuwa haitawanyi kabisa.

Masomo yanayofuata nitayapitia kwa haraka zaidi. Lile la TCU ya kocha Gary Patterson ni zuri kwa anayetaka kuelewa jinsi uwanja unavyoweza kukatwa nusu mbili, kila nusu ikiwa na agizo lake la ulinzi, na jinsi walinzi watano wa nyuma walivyokuwa mpangilio wa kawaida Texas muda mrefu kabla ya wengine kuuzoea. Lile la Alabama ya kocha Nick Saban linaeleza ulinzi wa eneo unaogeuka kuwa wa mtu kwa mtu kadiri wapokeaji wanavyokata njia. Ni refu mno na linahitaji kutazamwa vipande vipande. Lile la safu ya mbele iliyobanwa ndani, inayohusishwa sana na kocha Dave Aranda, ndilo nililolifurahia zaidi katika kundi hili. Walinzi watatu wazito huziba mianya ya kati, mbio hulazimika kwenda pembeni, na walinzi wa kati hupata nafasi ya kusubiri badala ya kupanda upesi na kupigwa pasi mgongoni. Georgia ya 2021 ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Alabama 33 kwa 18, na walinzi wake watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya usajili wa NFL mwaka 2022, akiwemo Jordan Davis, mtu wa takriban kilo 154. Hapo mwalimu angesema wazi kwamba mpangilio huo unamtegemea mtu wa namna hiyo. Mlinzi wetu wa katikati ya safu ana kilo 88.

Kasoro ninazozilalamikia ni tatu, na ya kwanza ni kubwa. Karibu theluthi ya vipande vya mechi vimechukuliwa kutoka kwenye picha za televisheni, ambazo humfuata mwenye mpira kwa karibu na huwakata walinzi wa mwisho nje ya fremu. Katika somo la 11, linalohusu walinzi watatu wa mwisho, kuna dakika nzima ambapo mwalimu anaelekeza kalamu yake kwenye ukingo wa juu wa skrini na kusema kwamba mlinzi yuko “hapa juu, hatumwoni”. Wanafunzi wake wamelipa ili wamwone. Picha za kutoka juu ya jukwaa, zinazoonyesha wachezaji wote 22, ndizo chombo cha kazi hii, na kozi inazo kwingineko, kwa hiyo sielewi kwa nini zilikosekana pale zilipohitajika zaidi.

Ya pili ni somo la mwendo wa kasi, ambalo limepitwa na wakati. Linafundisha jinsi ya kupokea ishara za mikono na mabango kutoka pembeni wakati mashambulizi hayasubiri, na kama mafunzo ya ishara ni sahihi. Lakini tangu msimu wa 2024 timu za ngazi ya juu ya vyuo zinaruhusiwa kuwasiliana kwa redio na mchezaji mmoja wa ulinzi ndani ya kofia yake, mawasiliano yakikatwa saa inayohesabu muda wa kuanza jaribio inapobakiwa na sekunde 15 au mpira unapotoka. Anayejifunza ulinzi wa vyuo leo hawezi kuachwa bila habari hiyo. Sisi wa sekondari tunaotumia ishara tulinufaika na somo la zamani, ila hatukuambiwa kuwa ni la zamani.

Ya tatu inanigusa kama mzazi. Kukaba kumepewa dakika 9 katika saa 19. Mfumo wa kutawanya humwacha mlinzi peke yake na mkimbiaji kwenye uwanja mpana, na mpangilio wowote ulioelezwa katika kozi hii hatimaye humleta kijana mmoja mbele ya kijana mwingine anayekuja kwa kasi. Namna ya kuinama, bega la kutumia, kichwa kikae wapi ili shingo isiumie, hayo yanahitaji masomo manne, tena ya mwanzo. Vijana kadhaa katika timu yetu ni wa familia zilizotoka Kongo na Burundi, wamekulia kwenye soka, na hawajawahi kufundishwa kumwangusha mtu. Niliyapata mafunzo hayo kwa kocha mwenzangu, kwa mazoezi ya Jumanne na Alhamisi kwenye magodoro.

Kuhusu malipo, usajili hujihuisha wenyewe mwaka unapokaribia kwisha. Nilifuata hatua za kuusitisha, nikapata barua pepe ya kuthibitisha, na bado dola 140 zilikatwa. Nimeandika mara tatu na nimejibiwa mara moja kwamba suala langu linashughulikiwa. Atakayejisajili ahifadhi barua pepe zake zote.

Hata hivyo ningewashauri wanunue makocha wa walinzi wa nyuma, wachambuzi, na mtu yeyote anayetaka kuitazama mechi ya vyuo Jumamosi akaona kinachotokea mbali na mpira. Kocha wa safu ya mbele atapata kidogo, na anayeanza kabisa ajifunze kwanza kanuni za mchezo mahali pengine, kwani hapa hazielezwi. Kuna pia usajili wa mwezi mmoja kwa dola 25, ambao sikuuona mpaka nilipokuwa nimelipia mwaka. Unatosha kwa masomo ya 1, 5 na 9 hadi 12, yakitazamwa kwa mfuatano huo, kila moja mara mbili, na maharage yakiwa mezani.